Mkilua wa Makame

Jumanne, 28 Januari

Nimeamka, nimetawadha, nimesali, nimevaa nguo nyeupe ile ile. Uji. Kisha nikatoka na kata ya maji mpaka sakafu ya juu, tunakoanika nguo, kuutazama mkilua, mti wangu wa maua ya kunukia. Leo si siku yake ya maji. Mkono umezoea tu. Nikasimama, nikayanywa mwenyewe.

Wiki mbili leo tangu Makame afe. Wanasema moyo. Alishuka kwenye lori lake la kokoto pale Mlandege, akakaa kwenye kizingiti cha duka la watu, akaomba maji. Yalipoletwa hakuyahitaji tena. Miaka thelathini na moja ya ndoa, nikaja kuambiwa kwa simu na mtu nisiyemjua.

Eda miezi minne na siku kumi. Sitoki. Siteremki hata uani, maana nyumba hii tumo wengi na wapangaji wa chini wana wanaume. Sipaki wanja, sitii hina, sijifukizi udi, sivai ua. Mie, ambaye kazi yangu miaka yote ni kutunga vikuba, vishada vya maua ya kubandika kifuani. Vidole hivi vimekaa na asumini na rehani tangu sijaolewa, leo vinanuka sabuni ya kufulia.

Mkilua umetoa matumba. Nimehesabu mara mbili. Saba. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 30 Januari

Niandike kisa cha mti huu nisije nikakisahau. Kichwa changu sasa hivi hakishiki kitu.

Mwaka wa tisa huu. Makame alikuwa akipeleka kokoto Fumba, kulikokuwa kunataka kujengwa nyumba mpya. Greda lilishapita, limekwangua kichaka chote mpaka mawe meupe yakatoka. Kwenye lundo la miti iliyong'olewa akauona mche wa mkilua, urefu wa mkono, mizizi juu. Mtu mwengine angeuona kuni. Yeye aliujua kwa sababu yangu, miaka mingapi akinizungusha mashambani kwa watu kununua vilua, ndiyo maua yake, vya kutungia vikuba. Akauweka kwenye kiti cha abiria, akaufunga mkanda. Makame huyo, aliyekuwa hafungi mkanda mwenyewe.

Akakata pipa nusu, akatoboa matundu chini, akapanga mawe, juu akatia udongo wa kule kule Fumba. Akaniambia: "Huyu mtu wa mawe. Kiu anaiweza. Maji mengi ndiyo hayawezi." Kata moja kwa wiki, basi. Na kila mara alitia kidole kwanza ndani ya udongo.

Miaka tisa haujatoa hata ua moja. Wateja wakinicheka, mtunga vikuba ana mkilua tasa. Siku moja Makame akasema kilua chake cha kwanza hakiendi kwa bibi harusi wa mtu, ntakivaa mie mkewe. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Mtumbatu, maneno yake ya kuhesabu. Nikajifanya sikusikia ili aseme tena. Hakusema tena.

Sasa una matumba saba na yeye yuko chini ya mchanga. Nna hasira na mti. Nna hasira naye pia, Mungu anisamehe.

Jumamosi, 1 Februari

Bi Mize, dada yake Makame, yuko hapa tangu siku ya maziko. Amekuja kutoka Tumbatu kukaa na mie mpaka nitoke eda. Mtu mzima, ana haki yake, kila asubuhi nampa shikamoo yake. Anapika, anafua, anakohoa.

Leo alikwenda juu kuanika, akarudi uso umekunjika. "Wifi, ule si mkilua ule? Utafungua hapo mlangoni kwako, nawe umo edani?"

Nikamwambia sitachuma, sitavaa. Akasema harufu haipigi hodi.

Nimekaa nalo siku nzima. Watu wa Makame watasema nini? Mume hajakauka kaburini, mke amekaa ananusa vilua. Lakini hapa sina wa kumdanganya. Hakunilazimisha. Nimeogopa mwenyewe. Nimeogopa kwamba ua likifungua nikalinusa, ntafurahi.

Jumatatu, 3 Februari

Umeteremshwa. Wapangaji wawili wameubeba, mie nimesimama nyuma ya mlango nasikia pipa linagonga ngazi. Matumba yaanguke au yafungue huko huko, ndivyo tulivyokubaliana. Nikitoka eda unarudi juu.

Bi Mize amesimamia uwekwe uani karibu na mfereji wa bomba, "usipate tabu ya maji." Nikamwambia mti huo hautaki maji, wifi, kata moja kila Ijumaa tu, na Salha ndiye atakayetia. Salha ni binti yetu, mmoja tu Mungu aliyetupa. Anauza vitambaa Mlandege, anatoka asubuhi anarudi magharibi. Akasema naam, Mama, nshasikia.

Kule juu sakafuni pamebaki duara jeupe lilipokuwa pipa. Nimepita mara nne leo kulitazama. Upumbavu.

Ijumaa, 7 Februari

Salha ametia kata yake. Anasema uko vizuri, matumba yamenenepa.

Joto. Kaskazi hili halina huruma. Kazi yangu kukaa na kusikiliza nyumba. Kila wakati wa sala kopo linagonga mfereji huko chini, maji yanamwagika, mtu anakohoa, anasukutua. Alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi, isha. Nshawajua kwa vikohozi vyao. Heri. Angalau nyumba ina watu.

Jumapili, 16 Februari

Umefungua.

Nilikuwa nakunja nguo baada ya sala ya alfajiri. Harufu ikapanda ngazini, ikaingia chumbani, ikanikuta. Sikuwaza mara mbili. Harufu ya kilua naijua kuliko ninavyoijua sauti yangu. Miaka tisa.

Na mie nilifanya nini? Nilichukua ncha ya mtandio nikajiziba pua. Nikaenda dirishani upande wa njiani, nikatoa kichwa, nikakaa pale navuta moshi wa pikipiki mpaka jua likawa kali. Bi Mize akaniona, akasema, "Mungu atakulipa, wifi."

Niliporudi chumbani haikuwepo tena.

Jumatatu, 17 Februari

Salha anasema lilikuwa moja tu. Limeanguka. Amelifagia na takataka nyengine, hakujua kama ni la kuwekwa. Sikumlaumu. Nimelala mchana kutwa.

Jumamosi, 1 Machi

Mwezi jana haukuandama, leo tunakamilisha thelathini, kesho Ramadhani. Wanawake wa mtaa wamekubaliana kuja kusali tarawehe hapa juu kwangu, kwa vile mie siwezi kutoka. Jambo la ihsani kubwa. Ilinibidi nishukuru na nilishukuru.

Sitaki watu. Nataka mtu mmoja.

Jumatano, 12 Machi

Nyumba inajaa kila siku baada ya futari. Kumi na tano, wakati mwengine ishirini. Wanatawadha chini uani, wanapanda na nyuso mbichi, wananiombea, wananiambia Makame alikuwa mtu mwema. Alikuwa mkaidi, hakubali kukosea, akila hasemi ahsante. Nnammiss mkaidi wangu, huyo mwema wao simjui.

Salha anasema majani ya mkilua yanageuka manjano, ya chini yanaanguka. Yale matumba sita yamepukutika bila kufungua. Nikamwambia ni kiu hiyo, joto limezidi, tia kata mbili, na katikati ya wiki tia tena.

Nimeandika hayo halafu nimeyasoma. Makame angetia kidole kwanza. Lakini Makame hayupo, na kidole changu kimefungiwa huku juu. Salha naye ana haraka, nikimwambia atie kidole ataona namchosha. Kata mbili, basi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimemuuliza Salha habari ya mkilua. "Uko salama, Mama." Haraka haraka, huku anakunja mtandio ambao ulishakunjwa.

Salha tangu mdogo akisema uongo hukunja vitu. Nikaacha. Nna woga, ndiyo sababu niliacha.

Jumatatu, 31 Machi

Sikukuu. Nguo nyeupe. Watu wote chini wananukia, hapa juu sabuni. Bi Mize amenipikia biriani, nimekula vijiko vitatu. Sikukuu ya kwanza bila yeye kulalamika kwamba kanzu inambana.

Jumanne, 15 Aprili

Masika yameingia kwa hasira. Siku tatu mvua haikatiki, na makopi, michirizi ya maji ya mapaa yote manne, yanamwaga uani. Nasikia maji yanavyopiga chini. Nimekaa kitandani maneno ya Makame yananirudia. Maji mengi ndiyo hayawezi.

Nikamwambia Bi Mize pipa lirudi juu leo, liwekwe chini ya bati. Akasema wanaume wako makazini, na kwani eda imekwisha? Sababu iliyoliteremsha si ipo vile vile? Halafu, "Mti haufi kwa mvua, wifi. Mvua rehema."

Nilitaka kupiga kelele ngazini, mtu yeyote aliye chini anisikie. Nilifungua na mdomo. Sikupiga. Mjane edani anapayuka kwa ajili ya mti, wangenisomea visomo.

Jumamosi, 26 Aprili

Amekuja Bi Zainab, anayetusomesha dini wanawake. Tumezungumza mengi, mwisho nikamhadithia habari ya mkilua, nikidhani atanisifu.

Akanitazama. Akasema kilichokatazwa ni kujipaka na kujivika. Ua lililo mtini mwake halina kosa na mtu. "Hata ungeweka kitanda chako chini yake, Bi Raya. Kwa nini hukuuliza?"

Kwa nini sikuuliza.

Siku ile nilijiziba pua na mtandio. Hakuna aliyeniamrisha, si Mungu, si Mtume, si Makame. Nilijikataza mwenyewe, nikajinyima kitu pekee alichoniachia, nikakiteremsha chini nisikione. Bi Mize alikuwepo, amesikia yote. Kaenda jikoni akakoroga chai muda mrefu.

Nikamwambia Salha urudishwe juu leo hii. "Kesho, Mama." Alikuwa anakunja kitambaa cha meza.

Jumapili, 11 Mei

"Kesho" imekuwa wiki mbili. Leo nimemshika mkono, nimemwambia acha kukunja, sema.

Amelia. Jani la mwisho lilianguka kabla ya sikukuu. Tangu Ramadhani umesimama uani mtupu, na kila anayepita anauona isipokuwa mie. Bi Mize ndiye aliyemkataza kusema. Alimwambia, "Mama yako hawezi kukaa eda mbili."

Nilitaka kumchukia Bi Mize. Nikamkuta jikoni anachambua mchele kwa miwani iliyovunjika mkono mmoja, machozi yanamdondokea ungoni. Makame alikuwa mdogo wake, amembeba mgongoni. Nimekaa, nikamsaidia kuchambua. Hata kuchukia sijaweza.

Siku kumi na moja zimebaki. Zamani nilikuwa nazihesabu ili nitoke. Sasa sina haja nazo, zikae tu.

Alhamisi, 22 Mei

Nimetoka eda.

Wamenikosha, wamenivisha kanga mpya, wamenifukiza udi mpaka nikakohoa. Wanawake wale wale wa tarawehe. Kisha Bi Mize akatoa kikuba, amekiagizia maua shamba, na akakitunga mwenyewe kwa mikono yake isiyojua. Rehani imekaa vibaya, asumini zimebanana. Katikati vilua vitatu. Akanibandika kifuani. Nilijua anaomba msamaha. Vilua vya mti wa mtu mwengine, na harufu ni ile ile, haina hata aibu. Nikasema ahsante, wifi.

Kisha nikateremka. Wakadhani nakwenda kuamkia majirani.

Kijiti. Kimo cha kifua changu, cheusi chini, kijivu juu. Nimetia kidole kwenye udongo. Kidole kilizama chote mpaka kwenye kofi la mkono, bila nguvu. Mvua ilikatika siku tano zilizopita. Nilipokitoa kilinuka mtaro. Na kikuba kifuani kinanukia hivyo hivyo.

Jumamosi, 24 Mei

Nimejua.

Nimeteremka asubuhi kuutazama tena. Saumu, mpangaji wa chini, alikuwa anatawadha kwa ajili ya dhuha. Mtoto wa watu mpole, haingilii ya mtu. Akamaliza, akainua kopo, yaliyobaki ndani akaumiminia mkilua. Midomo inamcheza. Nikamuuliza unafanya nini?

Akatabasamu. Akasema hiyo ni desturi yetu sote hapa, Bi Raya, tangu ulipoletwa mti. Maji ya udhu yanayobaki hayamwagwi ovyo, anapewa mkilua wa marehemu, na unamwombea: Mungu amrehemu Makame. Kumwagilia mti ni sadaka. Bi Mize ndiye aliyewafundisha. Kila mtu, kila sala. Na Ramadhani wale wanawake wote wa tarawehe, hakuna aliyepanda ngazi bila kuacha kopo lake. "Hatujamsahau hata siku moja," akasema. "Hata ulipokauka hatukuacha. Tulizidisha."

Nilisikia. Kila siku nilikuwa nasikia kopo. Nilikuwa nasema heri, nyumba ina watu.

Sala tano, watu wangapi, miezi mingapi. Sihesabu. Mti uliotupwa na greda mizizi juu usife, ukakaa miaka tisa na kata moja kwa wiki. Umeuliwa kwa dua. Nani nimgombeze? Watu wamemwombea mume wangu kila siku, mara tano, kuliko nilivyomwombea mie niliyekuwa nimelala nageukia ukuta. Na mie mwenyewe niliongeza kata mbili juu yake.

Maji yakimwagika hayazoleki. Nimelisema neno hilo maisha yangu yote kwa watoto waliovunja vikombe.

Nilimwambia Saumu ahsante, Mungu akulipe. Nikapanda. Nikafunga mlango nikalia kilio ambacho sikulia siku ya jeneza. Siku ile watu walikuwa wengi, mtu analia kwa adabu. Leo nimelia ovyo, kama mtu aliyeibiwa.

Sitamwambia Bi Mize. Kesho anarudi kwao Tumbatu. Aende akijua ni joto la kaskazi.

Ijumaa, 30 Mei

Umerudi juu. Wale wapangaji wawili wameubeba, wakaniuliza mara mbili kama nna hakika, maana hii kuni tu, Bi Raya. Nikawaambia wekeni pale pale kwenye duara. Duara lenyewe limeshafifia, mvua imelisugua.

Niliinamisha pipa, nikaacha maji yatoke matunduni. Yalitoka meusi, muda mrefu. Mawe aliyoyapanga Makame bado yapo chini, nimeyagusa kwa kidole kupitia tundu.

Nimeanza kazi. Kuna harusi Mbweni wiki ijayo, vikuba thelathini. Salha alirudi mapema kunisaidia kuchambua rehani. Hakukunja kitu. Vilua nimenunua kwa mtu, kama miaka yote.

Baada ya alasiri nilichukua kisu kidogo cha kukatia nyuzi, nikaukwangua mkilua ganda, mtu hujua kwa rangi ya ndani: ikiwa kijani, ungali hai. Juu kabisa, kahawia. Katikati, kahawia. Nikateremka kidogo kidogo. Kahawia. Imebaki shubiri moja hivi kutoka kwenye udongo. Hapo nikakifuta kisu, nikakirudisha kikapuni. Hiyo sikuikwangua.

Leo ni Ijumaa, siku ya kata yake. Sikuutia maji.